Neno "Travail" na Miti Mitatu

Kila mwaka tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Kazi, twasikia fundisho lile lile. Mtu aliyesoma husimama mbele ya wafanyakazi akasema hivi: "Neno la Kifaransa travail latoka katika neno la Kilatini tripalium. Na tripalium ilikuwa nini? Ilikuwa miti mitatu ya kufungia watu ili wateswe. Basi, ndugu zangu, kazi ni mateso. Lugha ya Wazungu yenyewe yashuhudia." Watu hucheka na kupiga makofi. Na mvivu hurudi nyumbani akiwa amepata Kilatini cha kujitetea.

Fundisho hili twalikuta pia katika magazeti na katika midomo ya vijana wa vyuo. Limekuwa kama sarafu inayopita mkono kwa mkono, wala hakuna anayeigeuza atazame upande wa pili. Sisi twataka kuigeuza. Hatusemi kwamba ni uongo mtupu. Lina ukweli mwingi, na ukweli huo yafaa ujulikane. Lakini hitimisho lake limepotoka. Na hitimisho likipotoka juu ya jambo kubwa kama kazi, wanaoumia si wataalamu wa lugha, bali ni watu wenye kazi na watu wanaoitafuta.

Tuulize basi maswali mawili. La kwanza: majina ya kazi katika lugha za Ulaya yametoka wapi? La pili: majina hayo yatufundisha nini? Je, yasema juu ya kazi yenyewe, ama yasema juu ya watu walioifanya na mabwana waliowaagiza? Kosa lote latokana na kuyachanganya maswali haya.

I. Miti mitatu

Katika Kilatini, tres ni tatu, na palus ni mti uliochongwa na kusimikwa ardhini. Kutokana na hayo mawili likapatikana neno tripalium, yaani chombo cha miti mitatu. Kwamba chombo hiki kilitumika kuwatesa watu, twajua kwa ushahidi wa Kanisa lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 6, sinodi ya Auxerre, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, iliwakataza mapadri na mashemasi kusimama mahali pa trepalium wakati wakosaji wanapoteswa. Hapo hapana shaka.

Lakini kuna kitu kingine chenye jina hilo, nacho wasemaji wetu hukisahau. Katika vijiji vya Ufaransa mhunzi alikuwa na kiunzi cha miti imara. Humo alimfunga farasi au ng'ombe, asipige mateke, ili amtie viatu vya chuma. Kiunzi hicho chaitwa travail mpaka leo, na wingi wake si travaux bali ni travails. Humo mnyama hakuteswa. Alishikwa tu ili ahudumiwe. Tazama basi: jina moja, miti ile ile, na shughuli mbili zisizofanana hata kidogo.

Kutokana na tripalium likaja tendo: kumweka mtu katika miti mitatu, kumtesa. Katika Kifaransa cha zamani, travaillier ilikuwa kutesa, kusumbua, kuchosha. Ungesikia katika karne ya 12 kwamba fulani yumo katika travail, usingedhani kwamba amepata kazi. Ungedhani kwamba ana maumivu, au kwamba amepatwa na shida. Hata leo maana hiyo haijafa. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, Wafaransa husema kwamba yumo katika travail, na chumba cha hospitali anamongojea mtoto huitwa salle de travail.

Asili hii yenyewe haikosi wapinzani. Mwaka 2008 mtaalamu André Eskénazi alichapisha katika jarida Romania makala ndefu ya kuichunguza upya. Na wako wengine waliolitazama neno trabs, yaani boriti, wakasema kwamba nalo limo katika ukoo huu. Sisi si waamuzi wa shauri hilo. Twalitaja kwa sababu moja: msemaji wa tarehe 1 Mei hulitangaza kama amri ya mahakama, kumbe mashahidi bado wanabishana mlangoni. Jambo ambalo halibishaniwi ni hili, kwamba neno travail lilikuwa la maumivu kabla ya kuwa la kazi.

Lilibadilikaje? Wafaransa wa zamani walikuwa na neno lingine la kufanya kazi, nalo ni ouvrer, kutoka Kilatini operari, na nyuma yake opus, yaani kazi iliyofanyika, kitu kilichotengenezwa. Lakini ouvrer lilifanana mno na ouvrir, kufungua. Masikio yakachanganyikiwa, na neno likazidi kudhoofika. Kufika karne ya 16, travailler lilikuwa limekwisha kukalia kiti chake. Wameachwa watoto wachache: ouvrier, mfanyakazi, œuvre, kazi iliyokamilika, na jour ouvrable, siku ya kazi. Hata Wafaransa wengi hudhani kwamba jour ouvrable ni siku ambayo maduka hufunguliwa. Sivyo. Ni siku ya kufanya kazi, nalo ni kaburi dogo la neno lililokufa.

II. Watoto wa mama mmoja

Neno hili halikukaa Ufaransa peke yake. Hispania lilikuwa trabajo, Ureno trabalho, na katika Kikatalani treball. Huko kote leo maana yake ni kazi, lakini maana ya kale yaonekana bado kama kovu chini ya nguo. Mwandishi mkubwa wa Hispania, Cervantes, alikufa mwaka 1616. Kitabu chake cha mwisho kikatoka mwaka 1617, na katika jina lake limo neno trabajos. Asomaye akidhani kwamba kitabu ni cha mafundi na mashamba, atapotea. Trabajos za humo ni taabu za wasafiri wawili: bahari, kutekwa, kutengana, na hatari za kila namna.

Italia ilifanya njia yake. Neno travaglio lipo, lakini katika lugha ya taifa limebaki na maana ya dhiki, na ya uchungu wa kuzaa. Kazi yenyewe huitwa lavoro, kutoka Kilatini labor. Lakini ukienda kwa watu wa Piemonte kaskazini, au kwa watu wa Sisilia kusini, utakuta kwamba katika lugha zao za nyumbani kufanya kazi ni tendo la ukoo wa travaglio. Nchi moja, mlango mmoja wapita maumivu, na mlango mwingine wapita maumivu na kazi pamoja.

Waingereza walilichukua neno kutoka kwa Wafaransa, wakaligawanya mara mbili. Travail kwao ni taabu, na hasa uchungu wa kuzaa. Travel ni safari. Mbona safari? Kwa sababu katika zama zile njia ilikuwa mbaya, mito haikuwa na madaraja, na wanyang'anyi walikuwa msituni. Kusafiri kulikuwa kuteseka. Leo Mwingereza apanda ndege, akala na kulala angani, naye bado atumia neno lililotoka katika miti mitatu. Hakuna anayemwambia: "Bwana, safari yako ni mateso, kwa kuwa Kilatini chasema hivyo." Wasomaji walishike neno hili, tutalirudia.

Na labor je? Maana yake ya kwanza katika Kilatini ilikuwa jasho, uchovu, taabu. Kwa Waingereza labour ni kazi ya mikono na tena ni uchungu wa kuzaa. Kwa Wafaransa tendo labourer lilipunguka mpaka likabaki na kazi moja tu, kulima kwa plau. Mkulima ndiye aliyetoka jasho kuliko wote, naye akaachiwa jina lote la jasho.

III. Arbeit, robota, na yatima

Mtu aweza kusema: hayo yote ni mambo ya Walatini. Haya, twende kwa Wajerumani. Kwao kazi ni Arbeit, kwa Waholanzi na Waflama arbeid, kwa Waswidi arbete. Katika Kijerumani cha mwaka 1200 hivi, neno hilo lilikuwa arebeit, na washairi wa zama zile walilitumia kwa shida kubwa na mapigano ya mashujaa. Halina miti mitatu ndani yake, hata hivyo limepita katika bonde lile lile la maumivu.

Tupige hatua moja zaidi kuelekea mashariki, kwa watu wa lugha za Kislavi. Warusi huita kazi rabota, na mtumwa humwita rab. Maneno hayo ni ndugu. Wacheki walikuwa na neno robota, yaani kazi ya lazima ambayo mkulima maskini alimfanyia bwana wa ardhi bila mshahara. Katika dola ya Austria desturi hiyo ilifutwa mwaka 1848. Neno halikufutwa nayo. Mwaka 1920 mwandishi Karel Čapek alitoa mchezo wa kuigiza, R.U.R., juu ya viumbe vilivyotengenezwa kiwandani ili vifanye kazi badala ya watu. Akatafuta jina la kuviita, na ndugu yake Josef akamtajia roboti. Leo ulimwengu wote wasema roboti, na wachache hujua kwamba wanataja shamba la bwana.

Wataalamu wengi huona kwamba Arbeit ya Wajerumani na rabota ya Warusi zina shina moja la kale sana, na kwamba shina hilo ndilo lililotoa pia neno la Kiyunani orphanos, yatima. Tufikiri kidogo. Yatima ni nani? Ni mtoto asiye na baba wa kumtetea. Mtoto wa namna hiyo, katika nyumba ya watu, ndiye anayetumwa maji, ndiye anayetumwa kuni, ndiye anayeamshwa wa kwanza na kula wa mwisho. Hayo hatuhitaji kuyasoma katika kitabu cha Ulaya. Twayaona katika vijiji vyetu.

Wayunani wa leo husema douliá wakitaka kusema kazi. Ukihamisha mkazo wa sauti, ukasema doulía, umetaja utumwa. Wahungaria husema munka, Waromania muncă, na maneno yote mawili yametoka katika neno la Kislavi lenye maana ya mateso. Basi msemaji wetu wa tarehe 1 Mei angeweza kujitajirisha zaidi kuliko anavyodhani. Si Kifaransa peke yake. Karibu Ulaya nzima yaita kazi kwa majina ya maumivu au ya utumwa.

IV. Upande wa pili wa sarafu

Lakini haya siyo majina yote. Wayunani wa kale walikuwa na maneno mawili. Ponos ilikuwa taabu. Ergon ilikuwa kazi kwa upande wa kile kinachofanyika, tendo lenye matunda. Shina la ergon ndilo hilo hilo la Werk ya Wajerumani, werk ya Waholanzi, na work ya Waingereza. Neno hili halikupita kwa mtesaji wala kwa mtumwa. Lasema tu: kutenda, kutengeneza.

Na tazama lilipofika. Katika mji wa Athene, raia tajiri aliyegharimia jambo la watu wote, kwa mfano kuiandaa meli ya vita, alisemwa kwamba afanya leitourgia, yaani kazi kwa ajili ya watu. Kanisa lililipokea neno hilo, nasi twasema Liturujia. Mkristo anayesema kwamba kila jina la kazi ni jina la mateso, hajasikia jina la Misa yake mwenyewe.

Katika Kilatini nako, kando ya labor kulikuwa na opus. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, huita sala ya pamoja ya wamonaki opus Dei, kazi ya Mungu, na sura ya 48 yagawanya saa za mchana baina ya kazi za mikono na masomo. Watu wengi hupenda kumwekea Mtakatifu Benedikto maneno ora et labora, sali na ufanye kazi. Ni maneno mazuri, lakini ndani ya Kanuni yake hayamo, yalikuja baadaye. Hapa tena tabia yetu ni ile ile: twapenda neno fupi linalopigiwa makofi kuliko kitabu chenyewe.

Basi lugha za Ulaya zina mikono miwili. Mkono mmoja waita kazi kwa kumtazama anayeifanya jinsi anavyochoka. Mkono wa pili waiita kwa kukitazama kinachozaliwa. Anayeonyesha mkono mmoja tu, akauficha wa pili nyuma ya mgongo, hasemi uongo, lakini hasemi kweli.

V. Hoja inapovunjika

Sasa turudi kwenye hoja yenyewe. Yasema: asili ya neno ni mateso, kwa hiyo kitu chenyewe ni mateso. Tuijaribu kwa maneno yetu sisi.

Katika Kiswahili, mtume na mtumwa ni watoto wa tendo moja, kutuma. Wote wawili ni watu waliotumwa. Je, kuna katekista atakayewaambia watoto kwamba Mtume Paulo na mtu aliyeuzwa sokoni ni hali moja, kwa sababu shina ni moja? Tena kibarua. Asili yake ni barua ndogo, cheti cha yule aliyefanya kazi ya kutwa. Je, kibarua ni karatasi? Na yule Mwingereza wa ndegeni, je, anateswa? Hoja inayotuletea majibu ya namna hii ni chungu lenye ufa: tusilitie maji tukalaumu kisima.

Neno ni kama njia ya porini. Kwanza walipita tembo, kisha wawindaji, kisha wachuuzi, na leo wapita watoto waendao shule. Ukiuliza ni nani aliyeianza, utajibiwa: tembo. Lakini usimwambie mama kwamba mtoto wake ni tembo.

Basi, je, asili ya neno haina faida yoyote? Ina faida, tena kubwa, tukiuliza swali lililo sawa. Tusiulize: kazi ni nini? Tuulize: zamani nani alifanya kazi, na nani alilipa jina? Hapo majina yote tuliyoyataja yaanza kusema kwa sauti moja.

Katika Roma ya kale sehemu kubwa ya kazi za mashamba makubwa na za migodi ilifanywa na watumwa. Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, aliandika kwamba hata mshahara wa mtu wa kuajiriwa ni kama rehani ya utumwa. Kwake mtu anayeuza nguvu za mikono yake amekwisha kujishusha. Katika karne ya 11 askofu Adalbéron wa Laon aliyagawa mataifa ya Wakristo katika mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana, na wanaofanya kazi. Aliona wazi kwamba fungu la tatu ndilo linalowalisha mafungu mawili ya kwanza. Mkulima wa zama zile hakuwa na ruhusa ya kuiacha ardhi ya bwana, wala hakuamua mwenyewe siku zake.

Haya ndiyo twayaona. Jembe halikuwa mateso. Nyundo haikuwa mateso. Mateso yalikuwa kulima usiku wa manane shamba lisilo lako, na kupigwa ukichelewa, na kuona ghala la mwingine likijaa. Jina la maumivu liliigandamia kazi kwa sababu wafanyakazi hawakuwa huru. Neno travail halitoi hukumu juu ya kazi. Latoa ushahidi juu ya mabwana.

VI. Neno lilipofika kwetu

Neno hili lilifika Kongo likiwa limevaa nguo za sikukuu. Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, iliyodumu tangu 1885 hadi 1908, ilijichagulia maneno Travail et Progrès: Kazi na Maendeleo. Yaliandikwa chini ya nembo. Na chini ya nembo hiyo watu walipelekwa msituni kutafuta mpira, na fimbo ya ngozi ya kiboko ikawafuata. Mwaka 1903 dekreti iliweka kodi ya kazi ya saa 40 kila mwezi. Msituni saa hizo hazikuhesabiwa na mtu mwenye haki. Baadaye, wakati wa Ubelgiji, dekreti ya mwaka 1933 iliwalazimisha watu wa vijijini kulima mazao yaliyoamriwa mpaka siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikafikishwa 120.

Mzee wa kijiji aliyepita katika mambo hayo hakuhitaji Kilatini ili ajue maana ya travail. Kama neno hilo lina uchungu masikioni mwa Wakongo, uchungu haukutoka Roma. Ulitoka katika daftari ya kapita na katika kikapu kilichopimwa. Anayewapa watu miti mitatu ya Auxerre kama sababu ya uchungu wao, awapeleka mbali mno na mahali palipotendeka mambo. Hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko makosa yote: ahamisha lawama kutoka kwa watu, aiweka juu ya neno.

Na wenye kosa la upande mwingine, wale wanaolisifu neno bila kumtazama mtu, waangalie Ulaya yenyewe. Mwaka 1940 serikali ya Vichy iliitangazia Ufaransa iliyoshindwa neno travail, ikalitia mbele ya jamaa na nchi. Mwaka ule ule kambi ya Auschwitz ilianzishwa, na juu ya lango lake yakawekwa kwa chuma maneno ya Kijerumani yenye maana kwamba kazi humweka mtu huru. Waliopita chini ya lango hilo walifanyishwa kazi mpaka wafe. Neno tukufu juu ya mlango halimwokoi aliyemo ndani.

Leo neno hili limo katika maneno makuu ya nchi nyingi zetu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema Justice, Paix, Travail: Haki, Amani, Kazi. Ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville ina Travail katikati ya Umoja na Maendeleo. Burundi husema kwa lugha yake Ibikorwa, mambo yanayotendwa. Rwanda husema Umurimo, na ndani yake mna kurima, yaani kulima. Angalia ajabu: Wafaransa walianza na jina la jasho lote wakalipunguza mpaka likawa la kulima tu, Wanyarwanda walianza na kulima wakalipanua mpaka likawa la kazi yote.

Nasi Waswahili wa Kongo? Twalo neno kazi, nalo halisemi maumivu. Mama anayezaa hatusemi kwamba yu kazini; twasema ana uchungu. Tumeyaweka mambo mawili katika vyungu viwili. Lakini katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu wakitaka kusema kwamba mtu ana kazi, husema anatumika. "Baba yako anatumika wapi?" ndivyo wanavyoulizana. Mtu wa pwani akisikia hivyo hushangaa, kwa kuwa kwake kinachotumika ni chombo, kama kisu au ndoo. Asicheke mapema. Ndani ya kutumika kuna kutuma, na ndani ya kutuma kuna swali ambalo travail, Arbeit na rabota zote zimelibeba bila kulitamka: anayetuma ni nani? Na anayetumwa hurudi na nini mkononi?

VII. Shauri kwa walimu

Twamaliza kwa shauri dogo kwa walimu, makatekista na wote wanaosimama mbele ya watu.

Ukifundisha asili ya neno, ifundishe yote. Ukitaja tripalium, taja na kiunzi cha mhunzi. Ukitaja travail, taja na ouvrer iliyokufa na œuvre iliyobaki. Ukitaja rabota, taja na Liturujia. Mwanafunzi akipewa nusu ya habari atajenga juu yake nyumba nzima, nayo itamwangukia.

Tena, usimpe kijana aliye bila ajira mzaha wa miti mitatu. Yeye ajua mateso, nayo si mateso ya kazi. Ni ya kuamka asubuhi bila mahali pa kwenda. Wala usimpe mchimbaji wa mgodini sifa tupu za kazi, kana kwamba jasho lake ni malipo yake. Wote wawili wanahitaji neno la kweli, nalo ni hili: kazi inastahili heshima, na kwa sababu hiyo mfanyakazi astahili haki.

Wazee wetu walilisema jambo hili bila Kilatini: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumpa jembe ili wamtese. Siku ya tatu alikwisha kuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hulima pamoja na wenyeji. Lakini tusisahau sehemu ambayo methali haikuhitaji kuitaja, kwa kuwa kila mtu aliijua: aliyepewa jembe asubuhi, jioni alikaa chunguni pamoja na wenye nyumba. Mtu akipewa jembe na kunyimwa chungu, hapo ndipo miti mitatu husimikwa, na hapo Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na Kiswahili huwa na neno moja.